Paka Aliyelalia Nguo za Marehemu

Tulipomzika mume wangu, dada yake mkubwa hakukaa kulia siku nyingi. Siku ya tatu alikaza kikwembe kiunoni, akaingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akaanza kutoa nguo za ndugu yake moja moja, akizitaja. Suruali nne, mashati, suti ya Krismasi, kofia mbili, viatu vya kanisani, na triko moja, sweta ya kahawia ya mikono mirefu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wa jumuiya, macho yamevimba, namtazama tu. Kwao, upande wa milima ya Moba, ndivyo familia yao inavyofanya. Nguo za marehemu hukusanywa na kufungwa, na hakuna wa kuzifungua mpaka siku ya kumaliza matanga, mwaka mzima baadaye. Siku hiyo ndugu zake na wapwa zake wanagawana. Mke hapewi nguo hata moja.

Desturi hiyo niliijua tangu nilipoolewa. Nilikuwa nimeiona kwa wake wa shemeji zangu, na nilikaa nikala wali wa matanga yao bila kujiuliza wanajisikiaje. Zamu yangu ilipofika niliwaka moto ndani, na bado sikufungua mdomo.

Wifi aliingiza kila kitu kwenye gunia safi la unga, kisha akaomba sindano. Mimi ni mshonaji. Karibu miaka thelathini nimekaa mbele ya cherehani hapa Kalemie, nimeshona sare za shule, magauni ya harusi na mavazi ya wanakwaya, na sindano za kila namna ziko kwangu. Nilijinyanyua nimshonee. Alinizuia kwa kiganja.

“Hapana. Wewe ukae. Mimi njo nitashona.”

Alishona kwa uzi wa kijani wa nyavu. Sijapata kuona mshono mbaya kama ule. Pigo moja refu, la pili fupi, la tatu limekwenda kombo, uzi umevutwa mpaka gunia limejikunja. Alipomaliza aliwaita wapwa wawili, wakapanda juu ya meza, wakaliweka gunia kwenye boriti ya sebuleni, pale boriti inapokutana na ukuta. Nyumba yetu haina dari. Tuliijenga haraka huku mlimani baada ya ziwa kupanda na kuichukua ile ya chini, na mume wangu kila mwaka alikuwa anasema dari ni mwaka ujao.

Wifi alisimama katikati ya sebule, akatazama juu, akanitazama mimi. “Lisishuke, lisihame. Nikirudi nitaangalia mushono wangu. Nikiukuta vile niliuacha, tutakaa vizuri.”

Nilimwelewa. Mshono ukiguswa, mimi ni mwizi, tena mwizi wa nguo za maiti, na maneno hayo yatapanda boti mpaka Moba na kukaa huko kwa miaka. Watoto wangu wangekwenda kwa baba zao wakubwa na wadogo na kuitwa watoto wa yule mwanamke.

Na ubaya ni kwamba nilikuwa na tamaa. Ndani ya gunia kulikuwa na kitu nilichokitaka, ile triko. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za maboti. Kiangazi, upepo wa ziwa unapouma asubuhi, alivaa triko ile kwenda bandarini, akarudi nayo imeshika harufu ya mazutu ya injini, sabuni ya mche na shingo yake. Harufu hiyo nililala nayo, niliigombeza, niliifua Jumamosi na Jumatatu ikarudi. Alipokufa nilitafuta mto wake, nikakuta wageni wa msiba wameshaulalia. Kilichobaki chenye harufu yake kilikuwa juu ya boriti, na kilikuwa si changu.

Sasa nije kwa paka.

Alikuwa paka jike wa kijivu, mwenye shingo nyeupe. Tulimfuga kwa sababu ya panya, maana panya wa huku mlimani hula vitambaa, na kitambaa cha mteja kikiliwa nakilipa mimi. Hatukumpa jina, tulimwita paka. Kupanda alikuwa anapanda tangu zamani: juu ya kabati, juu ya mlango, juu ya rundo la magauni yasiyochukuliwa. Mume wangu alikuwa akimcheka na kumuuliza habari za huko juu. Mimi sikuwa na shida naye, ilimradi asikanyage kazi za watu.

Miezi miwili hivi baada ya mazishi, niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikamwona amejikunja juu ya gunia. Nilipiga makofi. Akafungua jicho moja, akalifunga.

Kuanzia siku hiyo yule paka alinitoa jasho. Kwanza nilisogeza kabati, kwa sababu ndilo lilikuwa ngazi yake. Akapitia cherehani, akaruka dirishani, kutoka dirishani akafika juu ya ukuta. Nikahamisha cherehani upande wenye giza, nikaanza kushona kwa kukodoa macho, yeye akapanda kwa pazia. Jirani akaniambia paka hawapendi harufu ya ndimu. Nikapanga maganda ya ndimu kwenye boriti yote. Yalikauka, likaanguka moja kwenye sahani ya ndakala, dagaa wetu, ya mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni, naye akaniuliza kama siku hizi napika kutoka juu. Nikamrushia paka maji. Alijifunza haraka sana: akawa anangoja nitoke kwenda sokoni, ndipo anapanda.

Nikamwita fundi mbao apigilie bati laini kuzunguka boriti, kama wanavyofanya watu wa mashambani kwenye nguzo za ghala. Fundi alifanya kazi nzuri. Paka alikaa chini, akalitazama lile bati asubuhi nzima, kisha akapita boriti ya pili na kuruka.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumfukuza. Niliwaza hilo. Nilimtia hata kwenye kikapu, nikashuka naye mpaka karibu na soko kumpa mwanamke wa Kabimba aliyekuwa anatafuta paka. Njiani nikakumbuka panya. Paka akiondoka, panya watapanda boriti ileile, na wao hawalalii nguo, wanazitafuna. Wifi angefungua gunia akute matambara. Nikarudi na kikapu changu, jua limenipiga, nimekasirika, na yeye ndani analia njia nzima.

Nilikuwa na kila sababu ya kumtaka paka, na kila sababu ya kumchukia.

Siku moja nilimpiga. Nisijisafishe, nilimpiga kweli, kwa mpini wa ufagio, akaanguka kutoka boritini na kutoka nje anachechemea. Binti yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza shule ya sekondari, alitoka jikoni na mikono yenye sombe ya majani ya muhogo, akasimama mbele yangu.

“Mama, kosa yake njo nini? Iko anamutafuta papa.”

Nilimwambia afunge mdomo. Nilimwambia paka hamtafuti baba yake wala mtu, paka anatafuta mahali laini penye joto la mabati. Alirudi jikoni. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikakanyaga ile pedali bila kitambaa, sindano inapanda na kushuka mahali patupu, nikalia kwa sauti mpaka mteja aliyekuwa anakuja akageuka mlangoni.

Ni binti huyohuyo aliyepata njia. Alimwomba fundi mbao kipande cha ubao, wakakipigilia juu ya dirisha, juu kuliko boriti, akatandika mabaki ya flana. Akasema paka anataka mahali pa juu anapouona mlango, na ukimnyima kimoja lazima umpe kingine. Alisema kweli. Paka alihamia ubaoni siku hiyohiyo, na kwa majuma mawili au matatu nilitembea kwa majirani kama mtu aliyeshinda kesi. Yeyote mwenye paka mpandaji, hilo ndilo ninalomwambia hata leo: usimpige, msogezee ubao. Lakini yakaja masika, mabati yakawa baridi, na asubuhi moja nikamkuta amerudi juu ya gunia, kucha zake zinakanda lile gunia polepole, zinavuta nyuzi, zinaachia, macho amefumba.

Nilimtazama muda mrefu. Ubao wa kulishinda gunia lile nisingeupata popote. Hata mimi nisingeupata.

Kiangazi kilipoanza, miezi mitatu kabla ya matanga, niliingia ndani kutoka uani na kuona mkono umening’inia kutoka boritini. Nikadhani ni wa mtu. Kisha nikaona ni mkono wa triko. Kucha za paka zilikuwa zimekata ule uzi wa kijani, mshono umeachana kiasi cha shubiri moja, na mkono wa kahawia umetoka nje, umeshuka, kiganja hakipo.

Ningeweza kumpigia simu wifi. Simu niliishika mara mbili. Ningesema nini? Kwamba paka amefungua? Lakini huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba angeniambia niache hivyo hivyo, nisiguse, nimwite katekista aje ashone, na mimi nilikuwa nataka kugusa.

Nilifunga mlango wa mbele kwa komeo, mchana kweupe. Nikasogeza meza, juu ya meza nikaweka kiti, nikapanda, mimi mwanamke mwenye magoti mabovu na umri wa kuitwa bibi. Kule juu kulikuwa na joto la mabati na vumbi la mwaka. Paka alisogea kidogo kunipisha. Nikaushika ule mkono wa triko kwa mikono miwili, nikaweka uso wangu.

Alikuwepo. Mazutu, sabuni, shingo. Sikuwa nimetegemea, baada ya miezi tisa nilifikiri nitakuta vumbi tu. Nilisimama juu ya kiti kile, nikisema naye maneno ambayo si ya kuandikwa. Ningeweza kuivuta yote itoke. Gunia lingepungua kidogo tu, nani angejua? Nilijua mimi. Na nilijua vilevile kwamba wifi alimbeba mgongoni ndugu yake huyu alipokuwa mtoto, kwa hiyo kila uzi wa nguo zake alikuwa ameuona.

Nikaurudisha mkono ndani. Nikashuka, nikatafuta uzi wa kijani wa nyavu, nikapanda tena na kuziba. Nilishona nikilia, sikutazama sana, mikono yenyewe inajua kazi. Niliposhuka nilijisikia mtu safi. Nilijiambia: nimeshika, nimerudisha, sikuiba. Nilipika chakula nikala kwa mara ya kwanza nikashiba.

Siku ya matanga walifika watu wengi kutoka Moba. Asubuhi tulikuwa na misa, mchana tukawapa ugali wa bukari, samaki na sombe, na baada ya kula wenye haki ya kukaa sebuleni wakakaa. Wapwa wakapanda meza, wakalishusha gunia, wakaliweka miguuni pa wifi. Paka alikuwa ameshakimbia watu, yuko ubaoni juu ya dirisha, mkia umening’inia.

Wifi aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono wake. Pigo refu, pigo fupi, pigo kombo. Kidole kikatembea, kikafika mahali, kikasimama.

Ndipo na mimi nikaona. Yalikuwa kama mapigo ishirini, madogo, yamenyooka, yamelingana yote, kila moja limelala kwa mwenzake. Nilikuwa nimeshona kama ninavyoshona kola ya shati la padri. Fundi mwingine angeharibu kwa makusudi, angefuata ubaya wa mwenye mshono. Mimi hata sikuwaza. Miaka thelathini ya kujivunia mkono wangu, na mkono huo ndio ulionitaja.

“Huu mushono si yangu,” wifi akasema.

Nikasikia sauti yangu inatoka nyembamba. “Njo paka, Mama. Makucha yake yalikata uzi. Mimi nilirudisha tu.”

“Paka njo alishona?” akauliza mpwa mkubwa, na watu wakacheka, kicheko kile cha watu waliokwisha kukuhukumu. Binti yangu alikuwa mlangoni. Nilimwona anainamisha kichwa, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Wifi hakucheka. Aliomba wembe, akakata mshono wote, wake na wangu, akatoa nguo moja moja na kuziweka kwenye mkeka, akizitaja kwa sauti kama alivyozitaja mwaka uliopita. Suruali nne. Mashati. Suti. Kofia mbili. Viatu. Triko. Alikung’uta gunia, likatoa manyoya ya kijivu.

“Vyote viko,” akasema. Halafu akanigeukia. “Kama hukukamata kitu, kwa nini hukuniita?”

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba simu haikuwa na umeme. Niliuacha. Nilichoka, mwaka mzima nilikuwa nimechoka.

“Niliogopa utanikataza kugusa,” nikamwambia. “Nilitaka kusikia harufu yake, Mama. Ile triko ilitoka yenyewe, nikapanda kule, nikaiweka huku usoni. Nilikaa nayo. Kisha nikairudisha. Hiyo tu.”

Jambo kama hilo mjane hasemi mbele ya wakwe, na mimi nilikuwa nimelisema. Mpwa mkubwa ndiye aliyesema kwanza. Nguo ya kazi ya mjomba ni haki ya mpwa wa kwanza, akakumbusha, akanyoosha mkono kuichukua.

Wifi hakumpa. Aliishika triko ile magotini, yenye manyoya ya paka kila mahali na vitundu vya kucha kifuani. Taratibu akaiinua, akaweka uso wake ndani. Alikaa hivyo. Mabega yake, ambayo mwaka jana wakati wa mazishi yalikuwa yametulia, yakaanza kutikisika, na hakuna mtu aliyejua afanye nini na macho yake. Alipoinua uso ulikuwa umelowa na unyoya umeshika kwenye kidevu.

“Inanuka paka,” akasema. “Hii tutamupatia paka.”

“Mama mukubwa,” mpwa akaanza, “lakini desturi...”

“Desturi inakataza muke. Juu ya paka haikusema kitu.”

Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kiti changu cha cherehani, akaendelea kugawa mashati kwa sauti ya kawaida kabisa. Watu wengine walicheka tena, kicheko cha aina nyingine. Mimi sikucheka. Nilitoka uani, nikashika ukuta wa jiko.

Kesho yake nilimsindikiza bandarini. Tuliongea habari za kulipa minerval ya shule ya watoto, za mihogo yake iliyoliwa na nguruwe wa jirani, za magoti yangu na magoti yake. Neno la matanga halikutajwa. Wabebaji walipita na mizigo, boti ikapiga honi, naye akakabidhi kikapu chake kwa watu wa ndani, akaweka mguu kwenye ubao wa kupandia. Kisha akaurudisha mguu chini, akanivuta kwa mkono mpaka sikio langu likafika karibu na mdomo wake.

“Wifi,” akasema, “usiifue.”